Mashairi ya Wakubwa na Karai la Mandazi

Mama Faida, mke wangu uliyenitangulia,

Mashairi si yangu. Naanza na hilo kwa sababu sijui leo mkono wangu utanifikisha wapi. Yale mashairi ya kuchekesha juu ya wakubwa wa historia, ambayo watoto wa huku kwetu, mjini Baraka na milimani Fizi, wanayasema tangu Faida wetu akiwa darasa la tano hadi leo ambapo Faida mwenyewe ana wajukuu, uliyatunga wewe, Zaina, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi niliyaandika tu. Nimelificha jambo hilo mbele ya inspekta, mbele ya walimu wenzangu, mbele ya watoto wetu, na hata mbele yako nimelipita kimya kimya kama mtu anayepita nyuma ya nyumba.

Alhamisi hii Direktrisi Riziki atakuja kuchukua kaye yangu ya zamani, lile daftari la matayarisho ya masomo. Unamkumbuka Riziki, yule msichana mdogo wa meno yaliyoachana. Sasa anaongoza shule. Yeye na walimu wenzake wanataka kuyachapa mashairi yawe kitabu kidogo, ili kila darasa kuanzia huku ziwani hadi Misisi na Kilembwe liwe nacho. Juma lililopita aliniletea karatasi ya jalada. Wameandika kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho yangu: “Wakubwa wa Zamani. Mashairi ya Mwalimu Chui.” Nikashukuru. Alipoondoka, Faida akaniletea bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikashindwa kula.

Miguu yangu imevimba, Mama Faida. Muuguzi hasemi mengi, lakini anazungumza zaidi na Faida nje ya mlango kuliko anavyozungumza na mimi ndani. Nikinyamaza mpaka Alhamisi, kaye itaondoka na jina langu, nami nitaondoka nyuma yake, na hakutakuwa na mtu tena duniani wa kusema kwamba ni wewe. Ndiyo maana nakuandikia. Na barua hii sitaiweka chini ya mto. Nitampa Riziki pamoja na kaye, nayo itachapwa mbele ya mashairi, kila anayejua kusoma aisome.

Unakumbuka yalivyoanza? Mimi nilikuwa kijana niliyeshuka kutoka Fizi na cheti cha ualimu, Mprotestanti niliyekataa kubadili dini. Wewe ulikuwa binti wa Waislamu wa ziwani, uliyekataa vilevile, na wazee wa pande zote mbili walichoka kabla yetu. Shule ulisoma miaka mitatu tu, baba yako akakurudisha nyumbani. Kila alfajiri uliwasha moto wa mandazi yako ya kuuza mlangoni pa shule, nami nilikaa karibu yako kwenye kile kigoda kifupi, nikisoma matayarisho yangu kwa sauti kwa mwanga wa kuni. Siku ile lilikuwa somo la historia la darasa la sita: wakubwa waliotawala Kongo, kwa mpangilio, na kazi zao. Nilisoma ukurasa mzima. Ulikuwa unageuza mandazi kwa kijiti, hujaniangalia hata mara moja.

“Mwalimu,” ukasema, “ile somo yako inalalisha hata moto. Angalia, inazimika.”

“Ni programu ya serikali, Mama Faida. Siwezi kuibadilisha.”

“Sikusema ubadilishe. Huyu mufalme wa kwanza, mwenye inchi yote, alikuwa anafanana je?”

Nikakueleza kwamba alikuwa na ndevu ndefu sana, na kwamba hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Uliacha kijiti kikaanguka katika mafuta.

“Hakufika? Inchi yake mwenyewe?”

“Hakufika.”

Ulicheka mpaka ukafuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu, kabla mandazi ya karai lile hayajaiva, ukanisemea hivi, pole pole, ukihesabu kwa vidole:

Mfalme wa ndevu ndefu
Kongo nzima aliishika,
lakini kwetu Baraka
hata ndevu hazikufika.

Nilikuwa nimesoma mashairi ya Kifaransa miaka mingi. Nilikuwa nimeyakariri nimesimama wima, mikono nyuma, nikiogopa fimbo. Hakuna hata moja lililowahi kunifanya nisahau kwamba niko shuleni. Hili lako lilinikamata pale pale kwenye kigoda. Nikaliandika upande wa kushoto wa kaye, ule upande ambao mwalimu huacha wazi kwa ajili ya maoni ya inspekta. Saa mbili nikalifundisha. Kufika mapumziko darasa zima lilikuwa limelijua, na darasa la tano nao walikuwa wamelisikia kupitia ukuta.

Ukawa na utaratibu wako mlangoni. Mtoto akija na kunyoosha mkono, ulifunika beseni kwa kitambaa.

“Bila mufalme hakuna mandazi!”

“Mama Faida, mi nina njaa!”

“Mufalme naye alikuwa na njaa ya inchi. Sema.”

Basi mtoto alisema shairi lote, wengine nyuma yake wakimsukuma na kumsahihisha, na aliyekosea alirudi mwisho wa mstari. Walimu wengine walilalamika kwamba historia imekuwa mchezo. Lakini mimi niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika kazi yangu: watoto waliokuwa wakilia kwa sababu ya majina na mpangilio wa wakubwa, sasa waliyajua wakiwa na mafuta kwenye midomo.

Ukaendelea. Nilikusomea habari za mabwana wa serikali ya kikoloni waliobebwa kwenye kipoyi, kile kiti cha miti miwili mabegani mwa watu wanne, wakipandishwa milima yetu ya Fizi. Babu yangu alikuwa mmoja wa wabebaji hao, na bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto mpaka alipokufa. Nilikuambia hilo kwa uchungu. Ukaweka chumvi, ukaonja, halafu:

Bwana mkubwa wa kipoyi
mlima aliupanda amekaa;
waliobeba walitota jasho,
yeye akalia: “Nimechakaa!”

Watoto walipiga kelele kwenye neno la mwisho mpaka mabati ya shule yakalia. Kuanzia siku ile mtoto mvivu aliyetaka kubebewa mtungi wa maji alidhihakiwa njia nzima: “Ona bwana kipoyi! Umechakaa?” Nilipokwenda kwa babu Fizi nikamsemea shairi hilo. Alikuwa mzee sana. Alishika bega lake, akacheka bila sauti, akaniomba nirudie. Sikumwambia kwamba ni la mke wangu. Nilimwacha afikiri ni la mjukuu wake. Labda huko ndiko nilikoanza kukuibia, hata kabla ya inspekta.

Lile la uhuru nalipenda kuliko yote, kwa sababu mimi nilikuwa nimejaza kurasa sita kueleza fujo ya miaka ile, nawe ukaimaliza kwa pumzi moja:

Uhuru ulipofika
viti vilikuwa vitano;
wakubwa walikuwa mia,
kukaanza mashindano.

Kurasa sita, Mama Faida! Nilikuangalia ukifunga kitambaa kichwani uende zako mlangoni, beseni kiunoni, na nilijivunia kuwa mume wako kuliko nilivyojivunia cheti changu. Lakini sikukuambia. Nilikuambia kwamba mandazi ya chini yameungua kidogo.

Halafu inspekta akaja. Mwaka ule mtoto mmoja wa darasa langu, katika mtihani wa mwisho, aliulizwa aeleze mfalme yule alifanya nini Kongo. Aliandika shairi lako lote badala ya jibu. Mtoto wa mahali pengine asingefanya kosa kama hilo, lakini watoto wetu walikuwa wamezoea kwamba ukisema mfalme unapewa kitu. Inspekta alikuja na karatasi ile mkononi, akakaa kwenye meza yangu, uso mkavu.

“Mwalimu, huyu mutoto wako anaandika kwamba hata ndevu hazikufika. Nimupe alama ngapi?”

“Musiye Inspekta, kwa historia ni kweli.”

“Najua ni kweli! Njo maana nauliza.”

Kisha uso wake ukashindwa kujizuia. Alicheka, akaomba kaye yangu, akasoma upande wote wa kushoto. Akachukua kalamu yake nyekundu, akaandika kwa Kifaransa maneno ya sifa ambayo sikuwahi kuyapata kabla ya hapo. Akainua kichwa.

“Nani alitunga?”

Kupitia dirishani nilikuona. Ulikuwa umechuchumaa mlangoni ukikung'uta unga kwenye kitenge, karibu na Mama Nyota, mjane aliyeuza karanga kando yako. Ungesikia kama ningekuita. Nikafikiri: nitasemaje kwamba somo langu linatoka kwenye karai la mafuta, kwa mwanamke wa miaka mitatu ya shule? Nikasema, “Ni miye.”

Ilikuwa rahisi hivyo.

Nyumbani nilikuambia inspekta amesifu mashairi, nikaishia hapo. Ulifurahi kama mtoto. “Alicheka? Alicheka wapi, pa ndevu ao pa kipoyi?” Nikasema pa ndevu. “Nilijua,” ukasema, ukaendelea na kazi. Mwisho wa mwaka, siku ya kutangaza matokeo, wazazi wote wakiwa uwanjani chini ya jua, direkta wa wakati ule alisimama na kutangaza “mashairi ya historia yaliyotungwa na mwalimu wetu.” Watoto wakayasema. Niliogopa kukuangalia, nikakuangalia. Ulikuwa umekaa na wanawake wenzako, mkono mmoja shavuni. Ulinitazama kwa muda, halafu ukapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote.

Jioni uliniwekea maji ya kunawa na kusema, “Karibu, mutungaji. Leo mutungaji atakula nini?”

Nikaanza kujieleza. Ukaninyamazisha kwa kiganja.

“Wacha, Baba Faida. Jina yako imezoea kuandikwa. Yangu imezoea kuitwa tu. Bora batoto bayajue.”

Nimeyageuza maneno hayo kichwani maisha yangu yote. Zamani nilidhani ulinipa ruhusa. Sasa nimekuwa mzee, najua kwamba ulinipa nafasi ya kukataa, nami sikuitumia.

Sasa nifike kwenye lile la chui.

Wakati ule, unakumbuka, kila asubuhi kabla ya masomo tulichezeshwa na kuimbishwa nyimbo za kumsifu mkubwa wa nchi nzima, yule wa kofia ya ngozi ya chui. Upande wetu wa Fizi watu walishukiwa haraka, kwa sababu ya waasi waliokuwa milimani. Hata mtu aliyechelewa kupiga makofi aliulizwa. Asubuhi moja ulitoka kumwona Faida akicheza kwenye mstari, ukarudi kwenye moto ukihesabu kwa vidole. Nikajua kinachokuja.

Chui ametoka porini,
yuko mlangoni kwa mkubwa:
“Kofia hiyo ya kichwani
ni mjomba wangu aliyechunwa!”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaogopa. “Hili halitaingia darasani,” nikasema. “Wala kwenye kaye. Wala mlangoni.”

“Sawa, Mwalimu,” ukasema, na ukweli ni kwamba ulijaribu. Lakini shairi zuri haliwezi kukaa na mtu mmoja. Ulilisema mara moja tu kwa Mama Nyota, mkiwa mmekaa bila wateja, na Riziki alikuwa amesimama nyuma yenu akisubiri chenga za mandazi.

Mwaka ule siku ya matokeo ilihudhuriwa na komisere wa eneo, aliyeshuka kutoka Fizi na wanajeshi wawili. Naye alikuwa na kofia yake, ya kitambaa tu chenye madoa, kwa sababu kila mkubwa mdogo alitaka kufanana na yule wa juu. Watoto walisema shairi la mfalme. Komisere akacheka vizuri, akajipiga paja. Akamwonyesha Riziki kwa kidole, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote mstari wa mbele.

“We mutoto, unajua ingine?”

“Ndiyo, Baba Komisere.”

“Sema basi!”

Maskini Riziki. Aliulizwa ingine, akatoa ingine. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma kama nilivyomfundisha, akasema lote bila kukosea, kwa sauti ile ya meno yaliyoachana. Alipofika kwenye mjomba, mtu mmoja nyuma alicheka kabla hajajua anacheka nini, akajifunga mdomo kwa mkono. Komisere alivua kofia yake pole pole, akaiweka magotini, akaifunika kwa viganja viwili.

Jumatatu asubuhi niliitwa kwenye biro, ile ofisi ya serikali. Kabla ya saa sita nilikuwa nimetoka. Saa nane wanajeshi walikuja mlangoni pa shule, wakamwaga mafuta yako kwenye mchanga, wakakuchukua.

Walikushika siku mbili. Ulifyeka majani yote kuzunguka biro kwa mkono, mgongo umeinama, na Faida alikupelekea chakula kwa sababu mimi niliambiwa nibaki darasani. Hata huko hukukaa bure. Uliporudi, ukiwa na malengelenge viganjani, ulinieleza kwamba wanajeshi wale vijana walikuwa na hamu ya kujua shairi la mfalme lilivyokuwa, na kwamba mpaka jioni ya siku ya pili walikuwa wanafunga zamu zao kwa “hata ndevu hazikufika.” Ulinieleza huku unacheka. Nilikupaka mafuta viganjani, nikainamisha uso ili usinione.

Lakini mlango wa shule ulikatazwa. Ukahamishia karai lako njia ya soko, mbali na watoto. Na usiku hukulalamika juu ya komisere, wala juu ya wanajeshi. Ulilalamika juu ya mtu mmoja.

“Ni Mama Nyota,” ulisema. “Nani mwingine alijua ni miye nilitunga? Mi nilisema kwake peke yake. Na ile Jumatatu alipeleka karanga kule biro, bantu balimuona.”

Nikasema, “Hatujui, Mama Faida.”

“Mi najua. Alitaka nafasi yangu ya mlangoni. Sasa iko nayo.”

Kuanzia hapo hukumsalimu tena. Miaka, Mama Faida. Yule aliyekaa nawe bega kwa bega, aliyekushikia Faida mgongoni alipokuwa mdogo. Akija kwako, uligeuka kutafuta kitu ndani ya nyumba. Vita vilipotufukuza tukavuka ziwa, mlipangwa kambi moja kule Tanzania, mstari mmoja wa maji, ndoo yake nyuma ya ndoo yako, na bado hukumsalimu. Mara moja alinijia mimi, analia. “Mwalimu, nilimukosea nini mwenzangu? Unisaidie kumuuliza.” Nikamjibu kwamba wanawake mna mambo yenu.

Nisikuache kambini kwa huzuni tu, maana kambini ndiko ulikokuwa mkubwa kuliko popote. Hatukuwa na vitabu. Kaye yangu niliivusha nimeifunga tumboni kwa kitenge chako. Ukakaa mbele ya hema ukimenya muhogo, watoto wa kila kabila na kila kona wamekuzunguka, ukawafundisha Kongo yao kupitia wale wakubwa wote, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemaliza alipata kipande cha muhogo. Mwalimu kijana wa Kitanzania alisimama pale siku nzima akisikiliza. Akaniuliza, “Mama huyu amesomea wapi?” Nikasema, “Nyumbani.” Na siku ile msafara wa wakubwa ulipokuja kutuona, ukageuza na kuondoka kabla hawajazima injini za magari, ulitunga hili ukiwa bado unafuta macho:

Mkubwa kaja na magari
kutusalimu kambini;
vumbi lake limekaa nasi,
yeye amerudi mjini.

Kambi nzima ilikuwa nalo kabla ya jua kuzama.

Tuliporudi Baraka, yule mkubwa wa kofia alikuwa ameshaanguka na kufa zamani, na watu walikuwa wanatafuta mashujaa. Wakakumbuka shairi la chui. Wakakumbuka kwamba mashairi ni ya mwalimu, wakadhani wewe ulishikwa kwa ajili yake. Hapo ndipo nikaitwa Mwalimu Chui, yule aliyethubutu kumcheka mkubwa akiwa bado kwenye kiti. Vijana walinipisha njiani. Kwenye harusi nilipewa kiti cha mbele. Wewe ulikuwa umekaa kando yangu, umeanza kukohoa kile kikohozi, na mtu akisema “Mwalimu Chui” ulitazama pembeni ukitabasamu kidogo. Nililipokea hata jina hilo.

Ulipokufa, Mama Nyota alikuja msibani. Hakuingia. Alikaa ukingoni mwa mkeka, nje, mchana mzima, kanga kichwani, na jioni akainuka akaenda bila kuagana na mtu. Yuko hai mpaka leo. Macho yamekwisha, lakini masikio ni mazima, na anakaa na binti yake nyuma ya soko.

Sasa sikiliza ulivyo leo. Mtu wa pikipiki aliyetoka Misisi aliniambia kwamba wachimba dhahabu wakivuta kamba ya shimo wanavuta kwa “Nimechakaa!” Mwalimu mmoja alishuka kutoka Minembwe, akasema kule juu watoto wanaochunga ng'ombe wanalijua la viti vitano, tena wanadai ni la kwao. Nilimwambia awaache wadai. Watu wamegombana na kuzikana kwa ajili ya milima ile, na hata hivyo kicheko chako kimepita kwa miguu pande zote mbili. Hakuna mkubwa hata mmoja wa historia niliyoifundisha, kuanzia yule wa ndevu, aliyefanya jambo hilo. Kitukuu wako wa mwisho, binti wa miaka minne, jana alisimama kwenye kitanda changu akasema la mfalme, akasahau mstari wa tatu, akaruka moja kwa moja kwenye ndevu. Nimejivunia mambo mengi maishani ambayo hayakuwa yangu. Hili la kuwa mume wako lilikuwa langu kweli, na sikulitangaza.

Nimeshamwita Faida, nikamwambia. Akasema, “Baba, mi nilikuwa nakaa pale pa moto. Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja weye useme.” Nimelikata kwa kalamu jina lililoandikwa kwenye karatasi ya jalada, nikaandika chini yake: Mashairi ya Zaina, Mama Faida, muuza mandazi wa Baraka. Herufi zimepinda, lakini jina linasomeka. Alhamisi nitamwomba Riziki jambo moja zaidi. Kabla barua hii haijakwenda kuchapwa, aende nayo nyuma ya soko, akae na Mama Nyota, amsomee yote kwa sauti, pamoja na hili linalofuata. Najua Riziki naye amebeba lawama yake tangu utoto, akidhani ulimi wake ndio uliokuponza. Atakapofika hapa ataishusha.

Kwaheri, Zaina. Sijui kama makaburi yenu na yetu yana njia kati yao. Nikikukuta, geuka utafute kitu ndani ya nyumba kama ulivyomfanyia mwenzako, nami nitasubiri nje.

Jumatatu ile, komisere hakunipiga wala hakupaza sauti. Kofia yake ilikuwa mezani. Alisema, “Mwalimu, mashairi yote yanajulikana ni yako. Na hili la chui?” Miaka yote nilikuwa nimeulizwa swali hilo na watu waliotaka kunisifu, nikajibu ni mimi. Siku ile, mara moja tu katika maisha yangu, nilisema kweli. Nilisema, “Hayako yangu, hata moja. Ni ya bibi yangu, Zaina, anauzaka mandazi pa mulango ya masomo.” Hakuna mwingine aliyelitaja jina lako, Mama Faida. Nililitaja mimi.

Mume wako,
baba yake Faida